Fanksheni za stringi: tujiandikie wenyewe au tuchukue za maktaba?

Mwaka 2012 Njombe ilitoka Iringa ikawa mkoa. Mwaka 2016 Songwe nayo ikatoka Mbeya. Mikataba ya mashamba, katiba za vikundi na fomu za shule zilizokuwa zimeshataipiwa zikabaki na jina la mkoa wa zamani. Anayezirekebisha kwenye kompyuta huagiza programu itafute jina la zamani na kuweka jipya kila mahali. Kazi hiyo hufanywa na fanksheni ya stringi, yaani kipande cha programu kinachoshughulikia mfuatano wa herufi. Vijana wanaosomea kompyuta Mbeya na Iringa, wakitaka kutengeneza programu ya kuandikia kwa Kiswahili na lugha za Nyanda za Juu Kusini, hukutana na swali hili mapema: wajiandikie fanksheni hizo, au wachukue zilizokwisha kutengenezwa na wengine na kuwekwa kwenye maktaba, yaani mkusanyo wa fanksheni zilizo tayari kutumika?

Tuanze na hesabu ya majina hayohayo. Iringa ina herufi sita, Njombe nayo sita. Fanksheni ya kujiandikia kwa lugha ya programu iitwayo C, inayoweka jina jipya juu ya lile la zamani, itapita jaribio hilo bila kasoro. Sasa mpe mtu wa Vwawa abadilishe Mbeya kuwa Songwe. Herufi tano zinakuwa sita, na kila badiliko linarefusha maandishi kwa baiti moja, kipande cha memori kinachotosha herufi moja ya kawaida. Kama nafasi iliyotengwa kwenye memori ilitosha maandishi ya awali tu, baiti za ziada zitaandikwa juu ya vitu vingine. Pengine programu itazimika. Au haitazimika, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mkataba utahifadhiwa ukiwa umeharibika.

C haizuii kosa hili. Stringi yake huishia kwenye baiti yenye thamani ya sifuri, na fanksheni yake ya kunakili, strcpy, hunakili mpaka ikutane na baiti hiyo, bila kuuliza kule inakonakili kuna nafasi kiasi gani. Fanksheni nyingine ya ukoo huo, gets, inayosoma mstari bila kuuliza nafasi, ilikuwa mojawapo ya njia zilizotumiwa na programu ya kujisambaza yenyewe ya Robert Morris, mwanafunzi wa Marekani, kuingia katika kompyuta nyingi zenye mfumo wa Unix mwaka 1988. Iliondolewa rasmi kwenye kiwango cha C mwaka 2011, miaka 23 baadaye. Kama mabingwa walichukua muda wote huo kuachana nayo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu asidhani uangalifu wake peke yake utamtosha.

Hata hivyo, wanaotetea kujiandikia wana hoja ya maana. Asiyewahi kuandika fanksheni ya kuchomeka herufi katikati ya maandishi marefu hatajua kwa nini programu ya kuandikia haiwezi kuhifadhi waraka mzima kama stringi moja: kila herufi mpya ingesukuma zote zinazofuata. Emacs, programu ya kuandikia, huacha pengo tupu pale kishale kilipo, na Bravo, nyingine ya aina hiyo iliyotengenezwa na Xerox miaka ya 1970, iliweka orodha ya vipande badala ya kusogeza maandishi yenyewe. Mambo haya huingia akilini kwa kuandika msimbo, si kwa kusoma maelezo yake. Kuna pia hoja ya ukubwa. ICU, maktaba ya kushughulikia maandishi ya lugha nyingi ambayo IBM iliifungulia umma mwaka 1999 na ambayo LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, inaitumia, ikiwa kamili hubeba data ya zaidi ya megabaiti 20. Kwa mwenye steshenari anayepakua kila kitu kwa bando la simu, hicho si kitu kidogo, ingawa data hiyo inaweza kupunguzwa kwa kuondoa lugha zisizohitajika.

Mimi naegemea upande wa maktaba, na sababu kubwa ni lugha zetu. Kinyakyusa kina irabu saba, na katika baadhi ya maandishi yake, kama katika yale ya Kimalila, zile mbili zisizo na herufi ya kawaida huandikwa ɨ na ʉ. Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi kama baiti, kila moja huchukua baiti mbili. Fanksheni inayodhani herufi moja ni baiti moja itahesabu vibaya urefu wa neno, na ikikata jina refu ili litoshe kwenye safu ya jedwali, inaweza kupasua ʉ katikati na kuacha alama isiyosomeka. Omba kichwa cha habari kiwe herufi kubwa: toupper ya C, katika hali yake ya msingi, itakuza herufi za kawaida na kuiacha ʉ ndogo vilevile. Herufi kubwa yake, Ʉ, iliingia Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, mwaka 2006. Mtafiti wa Kihehe akiweka alama ya toni juu ya a, alama hiyo inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili zinazofanana kabisa kwa macho, na utafutaji usiojua hilo utamwambia neno halipo. Haya yote maktaba imeshayashughulikia. Kumwambia msemaji wa Kimalila asubiri mpaka sisi tuyagundue upya, kosa baada ya kosa, si haki.

Lakini maktaba nayo ina mipaka, na hapo ndipo ningependa nguvu za vijana zielekezwe. Chukua ng'ombe. Kanuni za Unicode huihesabu ritifaa iliyo kati ya herufi mbili kuwa sehemu ya neno, kwa hiyo ng'ombe ni neno moja, wakati fanksheni nyepesi ya kujiandikia hupata mawili, ng na ombe. Hapo maktaba inashinda. Ila ritifaa iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda, ambayo programu nyingi huiweka zenyewe, ni alama mbili tofauti. Ukitafuta kwa moja, usitegemee kwamba utapata maneno yaliyoandikwa kwa nyingine. Fanksheni fupi ya kuzilinganisha kabla ya kutafuta inamaliza tatizo, na ni sisi tunaoihitaji.

Kukata neno mwishoni mwa mstari ni kazi kubwa zaidi, na ICU haikati maneno kwa silabi. Programu isiyojua Kiswahili inaweza kutoa Irin-ga na Njom-be, ilhali msomaji yeyote anatamka I-ri-nga na Njo-mbe. Kanuni ya kukata baada ya irabu inatufikisha mbali, kisha inakwama kwenye daktari, labda na rasmi: da-ktari haisomeki. Inabidi fanksheni ijue kwamba kt, bd na sm haziwezi kuanza silabi, na mb, nd na nj zinaweza. Halafu kuna mbuni. Ule wa kahawa unaopandwa Mbozi ni m-bu-ni, ndege ni mbu-ni, na herufi peke yake haziwezi kutofautisha. Kwa bahati nzuri wapiga chapa hawapendi herufi moja iachwe mwishoni mwa mstari. Ukizuia hilo, pa kukata panabaki mahali pamoja tu kwa maneno yote mawili, kabla ya ni.

Kwa hiyo ningewashauri walimu wa vyuo vyetu wasimzuie mwanafunzi kuandika strcpy yake kama zoezi, ila isiingie kwenye programu atakayopewa mtu wa kutaipu barua. Alama za mradi zitolewe kwa fanksheni ambazo maktaba haitupi: ritifaa, silabi za Kiswahili, kisha silabi za Kinyakyusa, ambazo kanuni zake lazima zihakikiwe na wasemaji wa Tukuyu na Kyela, neno kwa neno, kabla msimbo haujaandikwa.