Siku Mbili za Khartoum

Tarehe 7 Februari 1885 jarida la Punch la London lilitoa katuni ya John Tenniel: Jenerali Gordon, Mwingereza aliyezingirwa Khartoum, Sudan, na jeshi la Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri, akiwalaki waokozi wake. Kichwa chake, "Hatimaye!" Kumbe mji ulikuwa umeshaanguka tangu 26 Januari. Wiki iliyofuata akachora nyingine, "Wamechelewa!": yule mama Britannia, sura ya Uingereza yenyewe, kajifunika uso, nyuma yake wapiganaji wa Mahdi wanamiminika mjini.

Meli za msaada zilitokea 28 Januari. Siku mbili tu! Uingereza nzima ikamlilia Gordon na kumwita Gladstone, waziri mkuu, muuaji.

Tusimwonee mchoraji. Majonzi yalikuwa ya kweli, serikali ilijivuta mno kutuma jeshi, na maelfu ya wakazi waliuawa mji ulipotekwa. Lakini hizo siku mbili zimenikaa kooni. Katika shajara yake ya 14 Desemba 1884 Gordon aliandika kuwa askari 200 wasipofika ndani ya siku 10, mji huenda ukaanguka. Siku 10 zikaisha mkesha wa Krismasi. Kwa hesabu yake mwenyewe, basi, msaada ulichelewa siku 35. Zikibaki mbili, uzembe wa miezi unaonekana kama nuksi ya upepo na maji ya Nili.

La pili ni jangwa lenyewe. Katika michoro ile ni mchanga na mikuki, kama kwamba huko hakuna ajuaye kushika kalamu. Barua zasema vingine. Gordon alipowasili mwanzoni mwa 1884 alimpelekea Muhammad Ahmad, ndiye Mahdi, joho jekundu na tarbushi, akamtunuku usultani wa Kordofan; mkoa ambao, miezi michache nyuma, jeshi la Misri la watu wapatao 10,000, chini ya Mwingereza Hicks, lilikuwa limefyekwa! Mahdi akazirudisha zawadi. Akajibu kwa adabu kwamba hatafuti ufalme wala mali, akamwalika Gordon katika Uislamu, na pamoja na barua akamtumia kanzu ya viraka waliyovaa wafuasi wake. Sijaona jibu la kidiplomasia lililokolea kuliko hilo.

Septemba meli iitwayo Abbas, iliyobeba nyaraka za Gordon, ilikwama mtoni na Kanali Stewart, msaidizi wake aliyekuwamo, akauawa. Oktoba Mahdi akamwandikia tena, akimtajia yaliyomo katika nyaraka hizo: askari alionao, risasi, upungufu wa chakula. London haikuwa imezipata.