Buibui la Mama Mkwe

Shemeji yangu ana kiduka cha kutengeneza simu Kisenyi, Kampala, na kwake yeye kitu kisicho na betri si kamera. Nilipomwekea mezani kopo la maziwa ya unga nikamwambia hili ndilo litakalopiga picha harusi ya binamu yake Jinja, alilitikisa, akalinusa, kisha akaniuliza maziwa nimeyapeleka wapi.

Nikamweleza. Kamera ya tundu haina lenzi. Mwanga unapita kwenye kitobo cha sindano, ukiangukia karatasi ya picha upande wa pili unachora kila kitu kichwa chini miguu juu. Kopo langu lilikuwa na tundu la milimita 0.4, na kutoka tundu hadi karatasi ni sentimita 10, kwa hiyo mwanga unaoingia ni kiduchu. Juani unahesabu kama sekunde 40. Kivulini dakika 5.

"Dakika 5 picha moja?" akauliza. "Harusi itakuwa imeshazaa."

Kutengeneza kamera si kazi. Kazi ni kuamua utaweka nini ndani yake. Filamu ya milimita 35 unaweza kuipitisha hata kwenye ganda la kiberiti, ukaitia mfuko wa shati ukasahau kama unayo. Tatizo, kipande chake ni milimita 24 kwa 36, na tundu halichori kwa ukali wa lenzi, kwa hiyo ukikuza picha sura ya bibi harusi inakuwa uji. Kuna filamu ya 120, iliyoko sokoni tangu 1901. Hiyo haina mkebe, imeviringwa pamoja na karatasi yenye namba mgongoni, unazisoma kupitia kidirisha chekundu, na kwa kipimo cha sita kwa sita inakupa picha 12. Ukipata kivuli cha mwembe unaibadilisha bila wasiwasi. Msafiri akiniuliza, ningemtajia hiyo bila kufikiri. Ila visanduku vya mbao vya kuitilia vinatoka ng'ambo, na bei yake nilipoiona nilizima simu.

Nikabaki na kopo, pamoja na pakiti ya karatasi niliyoachiwa na mzee mmoja wa Katwe aliyefunga studio. Karatasi ni kubwa, na ingawa ikishasafishwa hutoka nyeusi kwa nyeupe, kuigeuza hakuhitaji mashine: unailaza juu ya karatasi nyingine, unawasha taa, unaisafisha na hiyo, unapata picha. Ila kopo linabeba moja tu. Ukishaipiga, utafute giza la kuibadilishia.

Siku ya safari tulipanda taksi, ndiyo matatu ya huku, Old Taxi Park, Kampala. Mama mkwe alikaa mbele na dereva, mimi kiti cha nyuma kabisa, maana nimeoa kwa Waganda na kwao mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wala hamsogelei. Atakayevunja mwiko huo, wanasema, hupatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mwili mzima. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini sina haja ya kuujaribu.

Taksi inayosubiri kujaa ndicho kitu kilichotulia kuliko vyote Kampala, basi nikaweka kopo juu ya paa nikapiga stendi nzima. Tulipopita Mukono nikataka kubadilisha karatasi mapema, Jinja isinikute mikono mitupu. Nikachomoa buibui jeusi kwenye begi la mke wangu, aliyekuwa amelala pembeni yangu. Nikaingiza kopo, pakiti na mikono. Mwanga ukawa unavuja kwenye mikono ya buibui, basi nikajifunika mpaka kichwa. Nikatoa karatasi iliyopigwa, nikatia mpya, nikabana mfuniko. Ilibaki kufunga pakiti tu.

Hapo taksi ikasimama Namawojjolo.

Anayeijua barabara ya Jinja anajua kinachofuata. Madirisha yanajaa mikono, kila mkono na mshikaki, kuku, gonja yaani ndizi za kuchoma, maji. Aliyefika kwangu aliona mama wa heshima amejisitiri gubigubi.

"Nyabo, enkoko! Nyabo, gonja!"

Nikanyamaza, pakiti iko wazi magotini.

"Nyabo, mgonjwa?"

Akaingiza mkono aniguse bega kwa huruma, kijiti cha kuku kikanasa kwenye tarizi, alipovuta kijiti buibui likafuata. Jua la saa sita likamwagika kwenye karatasi zote. Na yeye, badala ya mama, akakutana na ndevu zangu. Alipiga ukelele hata akaacha kuku mapajani mwangu.

Taksi nzima ikageuka. Mama mkwe naye akageuka, akaliangalia buibui, akaiangalia ile tarizi ya dhahabu shingoni, na mke wangu akaamka wakati huo huo tu kuninong'oneza kwamba begi lile walichangia na mama yake.

"Obuko!" akasema bibi mmoja, akahamisha kikapu chake mbali nami.

Mama mkwe hakuniambia neno. Alimwambia dereva. "Dereva, mwambie bwana huyo wa watu kwamba buibui hilo nimelivaa Makka."

Dereva akanitazama kwenye kioo. "Bwana wa watu, amelivaa Makka."

"Mwambie Mama anisamehe. Mwambie hii ni elimu ya Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra, aliyeeleza miaka 1,000 iliyopita jinsi taswira ya jua lililopatwa inavyopita kwenye tundu."

Dereva akafikiri kidogo. "Anasema kuna Bwana Haytham wa Basra ndiye aliyemtuma."

"Mwambie basi Haytham amnunulie la kwake."

Kuku nilimlipia. Karatasi za kwenye pakiti zote ziliungua, na ile ya stendi pamoja nazo. Ilisalia moja, ile niliyokuwa nimeshaifungia koponi.

Jinja nikaweka kopo juu ya meza, chini ya turubai, mbele ya ukoo mzima. Shemeji akanikataza kulishika. "Utalitikisa. Ugonjwa hauchelewi." Akafungua tundu yeye mwenyewe, akashika saa, nami nikawaomba watu watulie dakika 5. Watoto walitulia sekunde 5. Bwana harusi alipokea simu. Bibi harusi alikwenda kusalimia shangazi akarudi, akaenda tena.

Usiku ule nikaisafisha bafuni, chini ya balbu nyekundu. Kitu kinachotembea hakiachi alama kwenye karatasi ya tundu, basi palikuwa na viti, nguzo za turubai, moshi mahali pa bibi harusi, na bwana harusi hakuna kabisa. Mtu mmoja tu alikuwa ametoka, kila mkunjo wa gomesi yake, lile gauni la heshima la Waganda, unahesabika, mikono magotini, macho yamekazwa kwenye kopo. Alikuwa amenikasirikia dakika 5 kamili bila kupepesa.

Nilimpelekea picha kupitia kwa shemeji. Jibu lilirudi kwa njia ileile: Mama anataka nakala nne za kugawia dada zake, na bwana harusi abaki vilevile asionekane.