Pamba kwanza, maji baadaye

Mwandishi, makala yako inasema Vita vya Majimaji vilitokana na imani ya dawa ya maji tu, ile iliyosemwa ingegeuza risasi kuwa maji. Tuwatendee haki wazee wetu. Chanzo ni amri ya serikali ya Wajerumani: watu walime pamba ya lazima kwenye shamba la jumbe, mkuu wa kijiji, huku akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, kasimama na viboko. Ndiyo maana Wamatumbi wa Nandete, Kilwa, Julai 1905 walianza kwa kung'oa mipamba! Kisha jeshi la Wajerumani likaamriwa kuchoma mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Misheni ya Wabenediktini, shirika la watawa Wakatoliki, ya Nyangao huko Lindi nayo iliharibiwa mwaka huohuo. 1906 shirika hilo likaanzisha misheni ya Ndanda. Naomba mrekebishe aya ile, watoto wa Lindi wanaisoma.