Suruali ya Mjomba na Kikapu cha Kwanza

Kule Syracuse, jimbo la New York, mashabiki wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu wana desturi yao: mchezo ukianza hakuna kukaa. Unasimama na kupiga makofi ya pamoja, pa, pa, pa, mpaka timu ya nyumbani ifunge kikapu cha kwanza. Kikiingia, watu wanapiga kelele, halafu makalio yote yanatua kwenye viti kwa mpigo mmoja.

Mwaka wa neema desturi hii haimgharimu mtu kitu. Sekunde 20, 30, umeshakaa unatafuna bisi. Ni mwaka wa njaa ndio unaokuonyesha kwamba walioianzisha hawakupiga hesabu. Kila timu ikishika mpira ina sekunde 30 za kutupa. Wenyeji wakikosa mara tatu, na wageni wakatumia zamu zao tatu bila haraka, dakika tatu zimekwenda na wewe umesimama. Saa ikishuka chini ya dakika 16 katika nusu ile ya dakika 20, mpira ukisimama kwa sababu yoyote televisheni inakwenda kwenye matangazo. Hapo wachezaji wenyewe wanapewa viti, wewe huna ruhusa.

Msimu ninaousema ni wa 2021-22. Kocha alikuwa Jim Boeheim, aliyeshika usukani mwaka 1976 na ambaye mpaka wakati huo hakuwahi hata msimu mmoja kumaliza akiwa amefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mwaka 2003 aliwafunga Kansas 81-78 akachukua ubingwa wa nchi, akiwa na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Carmelo Anthony. Kulikuwa na watu mjini pale waliozaliwa, wakaoa, wakaota mvi, bila kujua msimu wa hasara unafananaje. Watu wa namna hiyo wakifungwa hawakasiriki kama mimi na wewe. Wanaduwaa kwanza.

Tatizo lilikuwa ulinzi. Boeheim alikuwa muumini wa zoni ya mbili-tatu: walinzi wawili mbele, watatu nyuma, kila mtu na eneo lake badala ya kila mtu na mtu wake. Ukiwa na vijana wenye mikono mirefu na miguu myepesi, adui anaona ukuta. Ukiwa na warefu wasiokuwa wepesi, ukuta una madirisha mawili. Dirisha la kwanza liko katikati, karibu na mstari wa mitupo huru. Mpira ukiingizwa hapo, walinzi wa mbele wanageuka kuutazama, na yule wa nyuma pembeni anabaki njia panda: amzuie mtu aliye karibu na pete au akimbilie kona? Akiingia ndani, mpira unatupwa kona, nalo ndilo dirisha la pili. Sasa inabidi atoke mbio mita kadhaa na mikono juu wakati mpira uko hewani, na mpira haumsubiri mtu. Ndivyo Colgate walivyofanya Novemba 2021. Ni chuo kidogo, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ambacho hakikuwa kimeifunga Syracuse tangu 1962. Walitia mitupo 18 ya pointi tatu, wakashinda 100-85. Mitupo hiyo peke yake ni pointi 54. Baada ya siku ile kila mwenye nyumba mjini akawa mtaalamu wa zoni, hata fundi aliyekuja kututengenezea tanuri la kupashia nyumba joto alianza na kona kabla hajafungua boksi la vifaa.

Katika hali hiyo, Januari, ndipo mjomba wangu alipokuja kutoka Muheza.

Mjomba ni Coastal Union damu, ile timu ya soka ya Tanga iitwayo Wagosi wa Kaya. Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na tangu hapo anausubiri mwingine kwa subira ambayo mkewe anasema angeielekeza shambani tungekuwa matajiri. Nikaona hapa nimepata mtu. Mashabiki wa Syracuse wanalia kwa msimu mmoja, huyu atawafundisha.

Kwanza ilibidi avikwe. Baridi ya kule Januari mtu wa Tanga haielewi kwa kuambiwa. Unamvalisha kwa tabaka: chini nguo nyembamba inayonyonya jasho, juu yake ya sufu, juu kabisa ya kuzuia upepo. Mjomba hakuwa na imani na mahesabu haya, akavaa suruali mbili za ndani za kuzuia baridi, na chini yake bukta yake nyekundu ya Coastal. Kiuno chake ni inchi 34. Suruali ya juu tuliipata dukani kwa mitumba, inchi 38, maana ya 36 ilikataa kufunga kifungo juu ya mzigo ule wote. Pengo dogo lililobaki likazibwa na mkanda. Kiufundi hakukuwa na kasoro. Ningeweza kuitia sahihi.

Chuo kiko mlimani. Tukaegesha bondeni, tukapanda kwenye theluji, mjomba ameshika mfuko wa chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Mlangoni akaona mashine ya kukagua chuma. Sasa mjomba katika safari yake alikaguliwa Dar, akakaguliwa tena alipobadili ndege, akakaguliwa tena New York, na popote alipoona mlango wa namna ile mkono ulikuwa unakwenda kiunoni wenyewe. Hakuna aliyemwomba. Akavua mkanda, akauviringa vizuri, akautumbukiza kwenye mfuko wa chapati.

Viwanja vingi vya Marekani vinataka mfuko angavu, unaoonyesha kilicho ndani, na chai ya nyumbani haiingii hata ikiwa angavu kama maji ya Pangani. Mfuko ukakataliwa. Nikaurudisha garini, bondeni, mkanda wenyewe sijui habari zake. Mjomba akatangulia ndani kwa sababu tiketi ilikuwa mkononi na masikio yalikuwa yameanza kufa ganzi.

Nilipomkuta amekaa juu kabisa, ghorofa ya tatu, kwenye mabenchi ya aluminiamu, alikuwa mtu mwingine. Anatabasamu. Ameshika furushi.

"Mpwa wangu, humu ndani kuna joto! Nimekwenda msalani nikazipunguza zile suruali za ndani."

"Ngapi?"

"Zote. Si nina bukta?"

Jengo lile lilikuwa na jina la kampuni ya viyoyozi, na kwa miaka kama 40 halikuwa na kiyoyozi, kwa hiyo mzaha wa joto pale ulikuwa wa jadi. Ni uwanja wa mpira wa Kimarekani uliofunikwa paa. Kwa kikapu wanatandika sakafu upande mmoja, wanashusha pazia kubwa, basi. Februari 2019 waliingia watu 35,642 kutazama mchezo dhidi ya chuo cha Duke. Usiku ule wetu hawakufika hata karibu, ila joto la watu lilikuwapo, na mjomba alikuwa amelitatua. Mimi nikafurahi naye. Inchi 38 kwenye kiuno cha 34, na mkanda uko bondeni unanusa chapati.

Kabla ya mpira akatoka Otto, yule kikaragosi wa timu, chungwa kubwa lenye miguu na kofia. Mjomba alimtazama kwa muda mrefu.

"Sisi Muheza machungwa tunayo," akasema, "lakini hayajafikia kudansi."

Mpira ukarushwa. Watu wakasimama. Makofi yakaanza. Nikamweleza sheria: hakuna kukaa mpaka tufunge.

"Na wasipofunga?"

Pembeni yake alikuwapo bibi mmoja wa Kizungu, mwenye skafu ya rangi ya chungwa iliyofumwa kwa mkono, ndefu ya kumzunguka mtu mara tatu. Mwanamke wa kuja kila mchezo. Ungemjua kwa mto wake wa kukalia, maana aluminiamu ya pale mtu mwenye uzoefu hakukaa juu yake hivi hivi. Swali la mjomba hakulielewa lakini sauti aliielewa, akacheka cheko la mtu aliyechoka.

Tupo la kwanza likagonga pete. La pili likapita hewani bila kugusa chochote, hata ubao. Wageni wakapeleka mpira katikati, walinzi wawili wakageuka kuutazama, mpira ukaenda kona, pointi tatu.

"Mbona kona hana mtu?" mjomba akauliza.

Amefika Marekani juzi. Hajawahi kuona mchezo huu ila kwa kupita mbele ya uwanja wa shule. Imemchukua dakika moja na nusu.

Nikamtafsiria bibi. Bibi akamshika mjomba bega kwa huruma, kama aliyekutana na ndugu yake msibani, akasema yeye analiuliza swali hilo tangu Novemba.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa mjomba anapiga makofi vibaya. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto uko kiunoni. Anapiga paja. Pa, pa, pa, paja. Bibi naye akaona. Katika desturi ile mtu asiyepiga makofi ni mkosi, na mwaka ule watu walikuwa wanatafuta mkosi uko wapi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusema uko kwa kocha. Akamwonyesha kwa upole: mikono miwili, juu, hivi. Kijana wa safu ya nyuma naye akasisitiza kwa ishara.

"Mpwa wangu, hawa wanataka mikono yote miwili."

"Basi wape."

"Siwezi kuwapa yote."

Sikumwelewa, na hapakuwa na nafasi ya maelezo, kwa sababu refa alipiga filimbi, mpira ukawa wetu, na safu nzima ilikuwa inamtazama mjomba kana kwamba yeye ndiye anayetupa. Mjomba ni mtu wa adabu. Mgeni hakatai desturi ya wenyeji. Akavuta pumzi, akaegemeza magoti kwenye benchi la mbele ili yazuie kitambaa, akainua mikono miwili.

Magoti yakazuia kwa makofi manne.

Mpira ulikuwa bado uko hewani, nje kabisa ya mstari wa pointi tatu, mita 6.75, suruali ilipoanza safari. Vyote viwili vilifika pamoja. Wavu ukalia, uwanja ukalipuka, na maelfu ya watu wakakaa chini kwa mpigo mmoja, wakamwacha mjomba wangu peke yake, wima, mikono juu, bukta nyekundu ya Coastal Union ikiwaka katika eneo zima la rangi ya chungwa.

Hakuweza kukaa, kwa kuwa suruali ilikuwa imenasa kwenye viatu vya theluji. Hakuweza kuinama, kwa kuwa benchi la mbele lilikuwa karibu mno. Ukiinama kichwa kinaingia mapajani mwa mtu. Ilibidi niishushe mikono yake mwenyewe, alikuwa ameganda. Nashukuru kamera za skrini kubwa saa ile zilikuwa kwa Otto.

Bibi hakucheka. Alivua skafu yake, akaipitisha kiunoni kwa mjomba, akafunga fundo kama anafunga mzigo wa posta, akaketi, akaendelea kutazama mpira. Waliocheka ni vijana wa nyuma, mpaka timu ilipofunga tena. Na tena. Pointi kama nane mfululizo, na zoni ikaanza kufika kona kwa wakati. Minong'ono ikapita safu kwa safu. Mmoja akainama sikioni kwangu akaniuliza, kwa heshima zote, kama mzee angekuwa tayari kuilegeza tena nusu ya pili itakapoanza.

Mjomba nilipomfikishia ombi hakushangaa hata kidogo. "Mwambie tutaona matokeo."

Matokeo yakawa tumefungwa. Kona tena, dakika za mwisho, yule mlinzi wa nyuma ameingia ndani. Vijana wakadai ni kwa sababu skafu ilikazwa mno.

Msimu uliendelea kuoza taratibu. Februari Jesse Edwards, mtu mrefu wa katikati, akaumia kifundo cha mkono asirudi tena msimu ule. Machi, kwenye mashindano ya kanda yao kule Brooklyn, waliwapiga Florida State 96-57, lakini Buddy Boeheim, mtoto wa kocha na mfungaji wao mkuu, akamtia mpinzani ngumi ya tumbo, akafungiwa mchezo mmoja, na mchezo wenyewe ulikuwa dhidi ya Duke. Wakafungwa 88-79. Wameshinda 16, wamefungwa 17. Mara ya kwanza kwa Boeheim katika miaka 46, na kwa tofauti ya mchezo mmoja tu.

Skafu mjomba alitaka kuirudisha, bibi akakataa: msimu haujaisha. Ulipoisha mjomba alikuwa amesharudi Muheza nayo. Siku moja akanipigia simu saa nane usiku za kwetu.

"Wamesajili beki wa kona?"

Nikamweleza kwamba Buddy na kaka yake Jimmy wameondoka, Cole Swider naye ameondoka, na kocha amesema nini kuhusu zoni.

"Anabaki nayo?"

"Anabaki nayo."

Kimya. Halafu akaniuliza tiketi za ghorofa ya chini zinauzwaje.