Nilivyokufa Mara Nyingi Kabla ya Segera

Miaka minane si mchezo. Mtoto aliyezaliwa gemu la Mega Man 10 lilipotoka mwaka 2010, hadi ya 11 inatangaza sura yake alikuwa keshaanza shule, anajua kusoma na anajua kusema uongo. Katikati hapo Keiji Inafune, mtayarishaji wa gemu hizo, akaondoka kampuni ya Capcom inayozitengeneza, na sisi tuliokua na Mega Man, yule roboti wa bluu, tukabaki kumtaja kama jirani aliyehama. Kwa hiyo Septemba 2018 demo ilipotoka, hatua moja tu, ya bure, mwezi mmoja kabla ya gemu lenyewe, bando langu lote la wiki liliishia hapo. Sikujuta.

Mimi na huyu bwana tulijuana Magomeni, kwenye zile kaseti zilizoandikwa gemu 9999 na ndani yamo kumi yanayojirudia. Humo alijitokeza kwa jina lake la Kijapani, Rockman, na alitutesa sana. Naomba lieleweke basi kwamba ninapocheza gemu hili, mimi huwa sichezi.

Kesho yake nilikuwa na safari ya Tanga kupitia Segera, harusi ya binamu. Raha ya Switch, mashine yangu ya gemu, ni kwamba unaichomoa kwenye tivi unaondoka nayo, basi nikapanda gari pale Ubungo, nikakaa kiti cha dirishani, pembeni yangu mama mmoja wa makamo mwenye ndoo ya mfuniko mapajani. Tukasalimiana vizuri. Tulipopita Chalinze nikavaa hedifoni, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikawasha.

Hatua yenyewe ni ya Block Man, roboti wa matofali ambaye ndiye bosi, yaani adui wa mwisho wa hatua, na kila kitu humo ni mawe. Mara ya kwanza nilisimama tu nikatazama. Zile picha za vidoti vya zamani zimeondoka, wahusika sasa wana miili ya mviringo, lakini ukimsogeza tu unamjua: ukiachia kitufe anasimama papo hapo. Kuteleza chini kwa chini kumerudi, kule tulikoanza nako sehemu ya 3 mwaka 1990. Risasi ya kulimbikiza nguvu, ya mwaka 1991, nayo ipo. Vyote hivyo walivinyima sehemu ya 9 na ya 10 kwa kutaka kutukumbusha utoto, na mimi nilinuna. Muziki ndio uliniacha njia panda. Unagonga, sikatai, ila hakuna hata kipande kimoja nilichokipiga mluzi baadaye, na muziki wa Mega Man usiopigwa mluzi una kasoro.

Kitu kipya ni giya mbili. Bega la kushoto la mashine unabonyeza, risasi zinapata nguvu. Bega la kulia, dunia nzima inapunguza mwendo, wewe unapita katikati ya mabalaa taratibu kama mgeni rasmi. Ukizidisha inachemka, unangoja ipoe. Hadithi inasema wazo hilo ni la Dokta Wily, adui mkuu wa Mega Man, enzi za ujana wake, na Dokta Light, aliyemuunda Mega Man, alilipinga. Mimi nilikuwa upande wa Light. Mtu aliyemaliza kaseti ya Magomeni hawezi kuombea dunia ipunguze mwendo. Sikuigusa.

Nikafa. Nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, "Aa, nimekufa."

Baadaye nilielezwa kwamba mama aligeuka akasema, "Pole, mwanangu." Mimi hedifoni zimeziba, sikusikia kitu.

Sasa kuna mahali katika hatua ile sakafu ni mkanda unaotembea, unakurudisha nyuma kwenye magurudumu ya kusagia yanayozunguka mfano wa mashine ya kukamua miwa, na juu matofali yanadondoka. Ukiguswa na yale magurudumu hakuna cha kujeruhiwa, umekwisha. Nilifika hapo tukiwa tumevuka daraja la Wami. Na mimi nina ugonjwa wa kucheza na mwili mzima: akiruka nanyanyuka, akiteleza nalalia upande. Jasho linanitoka, macho hayapepesi.

"Nakufa! Nakufa! Yananisaga! Jamani nimebakiwa na roho moja!"

Nilichohisi ni gari kupunguza mwendo. Nikadhani ni tuta.

"Dereva simamisha! Kuna mtu anakata roho huku!"

Mkono wa kwanza ulinishika taya. Wa pili ukanilegeza mkanda wa suruali, sijui kwa nini, na aliyefanya hivyo hakujitambulisha mpaka leo. Maji yakanimwagikia kichwani. Lakini elewa hali yangu: wakati huo nimeshavuka magurudumu, nimeshaingia kwa Block Man, na nusu ya nguvu zake nimeshaimaliza. Huwezi kuacha hapo. Nikainua mashine juu ya umati nikaendelea kubonyeza.

"Niacheni! Niacheni nimmalize bosi!"

Kimya kidogo. Halafu sauti kutoka kiti cha mbele, "Mnasikia? Ni mambo ya kazini."

"Kazi za Dar hizi," mwingine akadakia. "Wanawanyonya vijana mpaka akili inaruka."

Kule kwenye skrini Block Man, nguvu zikimpungukia, huwasha giya yake mwenyewe na kuvaa mwili mpya, jitu la mawe linalojaza ukumbi. Mimi sikulijua hilo. Nikapiga kelele ambayo nadhani ndiyo iliyoharibu kabisa sifa yangu katika mkoa wa Tanga:

"Mamaa! Bosi amegeuka! Amekuwa jitu!"

"Astaghfirullah!" Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akaanza kunisomea papo hapo. Mtu akataka kitunguu ninuse. Nyuma wakawa wanaulizana ni kampuni gani hiyo ili wawaonye watoto wao. Wanaume wawili wakanibeba, mmoja kwapani, mmoja miguuni, wakanishusha hadi kwenye majani kando ya barabara, na ni katika kupita mlangoni ndipo waya wa hedifoni ulipochomoka na muziki wa bosi ukamwagika nje.

Kondakta ndiye wa kwanza kuelewa. Akainama, akatazama skrini, akanitazama mimi niliyelowa na suruali nimeishika kwa mkono mmoja.

"Oya," akasema, "umetusimamishia gari kwa sababu ya gemu?"

Nikamjibu kwamba mimi sikumsimamisha mtu. Ni kweli kabisa, na bado nasimamia hapo.

Yalisemwa mengi, mengine ya kunigusa mimi, mengine ukoo. Aliyeniokoa ni yule mama wa ndoo. Alisema kwa kuwa gari limeshachelewa, na yeye ndiye aliyepiga kelele, ana haki ya kumwona huyo bosi. Tukarudi vitini. Vichwa vikajipanga juu ya kiti changu, watoto wakapita chini ya mikono ya wakubwa, na mzee wa kofia akapewa nafasi ya mbele kwa heshima ya kisomo chake.

Kucheza mbele ya halaiki ya namna hiyo ni adhabu. "Ruka!" "Usiruke!" "Mpige kichwani!" Nikafa mbele za watu, mchana kweupe.

"Na hili la begani ni la nini?" mama akauliza.

"La kupunguza mwendo, mama. Ni la wavivu."

"Hulitumii?"

"Silitumii."

"Haya, endelea kufa."

Gari zima likacheka, hadi dereva. Nikarudi kwa jitu. Liliponyanyua mkono kunipondaponda, kidole cha mama kikapita juu ya changu, kikabonyeza bega la kulia na kutulia hapo. Mkono wa lile jitu ukashuka polepole, nikaupisha, nikalimbikiza risasi, nikaiachia. Likaporomoka. Tukio zima lilishangiliwa mpaka wanaouza machungwa barabarani wakadhani kuna harusi ndani. Mimi bado nashikilia kwamba ningelimaliza hata bila kidole kile, ila mama alikuwa anapokea pongezi na sikutaka kumharibia.

Tatizo ni wale wa viti vya nyuma kabisa. Wao hawakuona skrini. Walipata habari kwa kupokezana kichwa hadi kichwa, na sijui ilibadilikia kiti gani. Tulipofika stendi ya Tanga, nikiwa natafuta begi langu, baba mmoja mnene akanishika bega na kunivuta pembeni.

"Kijana, nimesikia ulichomfanya bosi wako," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi silaumu. Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, anatafuta mtu wa stoo. Anauza matofali pia. Ni mpole, hapigi kelele."

Nilitaka kumweleza. Lakini tarehe 2 Oktoba ilikuwa inakuja, gemu kamili ni dola 30, na mimi nina mchango wa harusi mfukoni ambao si wangu. Nikaichukua namba.