Anayerudi mjini kwa miguu halilii ujana wake

Lalamiko la anayerudi katika mji aliozaliwa na kuizunguka mitaa yake ya kati kwa miguu linajulikana: mji umejengwa, lakini umepoa. Jibu analopewa nalo linajulikana. Mji si makumbusho, anaambiwa, na hicho anachokililia ni ujana wake. Waliobaki walihitaji ofisi, lifti na mifereji inayopitisha maji.

Jibu hilo si la kupuuza. Kumbukumbu hutunza kivuli cha baraza na kusahau maji machafu yaliyokuwa yakifurika mbele yake. Majengo huzeeka, nondo zikala kutu, na paa la zamani linalopendeza kwenye picha linaweza kumwangukia mtu. Tena, miguu peke yake haiokoi mji. Sehemu ya kale ya Venice, Italia, haiingii gari hata moja na kuta zake ni zilezile za karne nyingi, lakini wakazi wake, waliokuwa takriban 175,000 mwaka 1951, leo hawafiki 50,000. Kalamazoo, Marekani, ilifunga sehemu ya mtaa wake mkuu wa biashara kwa magari mwaka 1959. Miji mingi ya nchi hiyo ikaiga, na mingi kati yake ikaja kuyarudisha magari, kwa kuwa wateja walikuwa wameshahamia kwenye maduka makubwa ya pembezoni.

Lakini mwacheni mlalamikaji amalize sentensi yake. Ni nadra kumsikia akilalamikia urefu wa maghorofa. Analolisema liko usawa wa macho yake: palipokuwa na milango sasa pana ukuta.

Tupige hesabu. Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa humaliza mita 100 kwa sekunde 72. Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark aliyeichunguza mitaa ya Copenhagen kwa miongo mingi, anaona kwamba mtaa uliochangamka huwa na milango kama 15 hadi 20 katika kila mita 100. Maana yake, kila sekunde 4 au 5 mpita njia anakutana na mlango mwingine: fundi ameinama kwenye cherehani, mtu anapanga bidhaa, wawili wanabishana bei. Sasa vunja fremu hizo zote za maduka madogo, weka jengo moja. Linabaki geti la watu lenye mlinzi, mdomo wa kuingizia magari kwenye maegesho ya chini, vioo vyeusi, na matundu ya viyoyozi yanayokupulizia joto kifuani. Sekunde 72 bila kuona sura ya mtu. Aliye ndani ya gari, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ameupita ukuta huohuo kwa sekunde 9, na alichokiona ni jengo safi. Hao wawili wakikutana jioni watabishana kuhusu maendeleo na kila mmoja atamwona mwenzake mkaidi. Tofauti yao ni zile sekunde 63.

Nazing'ang'ania fremu kwa sababu hasara yake haiishii kwenye macho. Milango 20 ni watu 20 waliopanga wakiwa na mitaji midogo. Ni jozi 20 za macho zinazoutazama mtaa hadi jioni. Mwenye mtaji mdogo hawezi kupanga ukumbi wa mita 600 za mraba. Kwa hiyo ikivunjwa ile fremu, biashara yake haifi, inashuka kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwenda kwa miguu naye anasukumwa barabarani kwenye magari, kisha wanaletwa mgambo, na lawama zinamwangukia mchuuzi. Katika taarifa za mipango miji, kiwanja hicho kitasomeka kuwa kimefanikiwa: eneo la sakafu limeongezeka mara nyingi, kodi ya majengo imepanda. Tarakimu hizo ni sahihi. Milango tu ndiyo haijahesabiwa na yeyote.

Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni jingine. Huko kuugundua mji upya kwa miguu ni starehe ya mwenye gari. Nairobi, kwa mfano, tafiti za usafiri zimeonyesha kwamba karibu safari 4 kati ya 10 ni za miguu. Watu hao hawana cha kugundua upya, hawajawahi kuacha kutembea. Mgeni wa saa mbili awasemee kwa lipi? Hoja hiyo naikubali, ila naona inampa nguvu mlalamikaji. Kinachomuudhi yeye siku moja wao wanakipita kila siku, tena kwao milango iliondoka mmoja mmoja, bila siku ya kustukia. Yeye anakuja na picha mbili za kulinganisha. (Na tuseme ukweli, husikilizwa upesi kwa sababu ana viatu vizuri.) Kaunti ya Nairobi yenyewe, katika sera yake ya mwaka 2015, iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Ahadi kama hiyo, hata ikitimizwa yote, inajenga njia. Haisemi chochote kuhusu ukuta ulio kando ya njia.

Copenhagen ilipoufunga mtaa wa Strøget kwa magari mwaka 1962, wenye maduka walihofia kufilisika, na haikuwa hivyo. Mfano huu hutajwa kila mahali, na kinachosahaulika ni kwamba Strøget tayari ilikuwa na maduka yaliyobanana pande zote. Melbourne, Australia, kanuni zake za mipango hutaka sehemu kubwa ya uso wa ghorofa ya chini, katika mitaa ya biashara ya kati, iwe milango au madirisha ya kuonyeshea bidhaa. Mwenye jengo atasema mpangaji mmoja mkubwa hulipa kwa wakati, ilhali wadogo 20 ni kazi ya kufukuzana nao kila mwezi. Ni kweli, na gharama hiyo iwekwe mezani siku ya kuomba kibali cha ujenzi, pamoja na mchoro wa ghorofa ya chini wenye idadi ya milango iliyopo leo na itakayobaki.