Mto mdogo wa pwani: kumbukumbu za zamani ziaminiwe hadi wapi?

Kabla ya kugawa maji ya mto mdogo wa pwani, lazima ijulikane hubakiza maji kiasi gani kiangazi kinapokaza. Wako wanaotegemea kumbukumbu za miaka mingi za kituo cha kupimia, na wako wanaoshikilia kwamba mto wa leo upimwe leo.

Wa kwanza wana hoja nzito. Mto mfupi hauna akiba kubwa: mvua ikinyesha hufurika ndani ya saa chache, ikikatika huishi kwa maji yanayochuruzika kutoka ardhini. Vipimo vya miaka 3 vinaweza kupita bila kukutana na ukame hata mmoja, na atakayevitegemea ataahidi maji yasiyokuwepo.

Ila kumbukumbu hizo ni dhaifu pale pale zinapohitajika. Kituo cha kawaida husoma kimo cha maji tu, kisha jedwali lililotokana na vipimo vya awali hukigeuza kuwa mtiririko. Chukua sehemu yenye upana wa mita 4, kina cha sentimita 15 na mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde: ni lita 120 kwa sekunde. Mchanga ukijikusanya chini kidogo ya ubao wa kupimia na kuinua maji sentimita 3, jedwali litatoa zaidi ya lita 144, maana huchukulia kwamba kina kikiongezeka na mwendo huongezeka. Mto haujaongeza hata tone. Wakati wa mafuriko sentimita 3 si kitu. Kiangazi ndizo zinazoamua nani apewe maji. Karibu na mlango wa mto, bamvua, yaani maji makuu ya bahari, nayo hupandisha kimo vivyo hivyo. Na visima vilivyochimbwa bondeni baadaye vinakula maji ambayo kumbukumbu za zamani bado zinayahesabu.

Kwa maoni yetu, kumbukumbu ziaminiwe kuonyesha mwaka upi ulikuwa mkavu kuliko upi. Lita zipimwe upya kiangazi, juu ya mahali maji ya bahari yanapofika, mita ya mwendo (kifaa cha kupima kasi ya maji) ikiwekwa kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu, katika vipande 20 hivi vya upana, kipande kimoja kisibebe zaidi ya asilimia 10 ya mtiririko. Kazi hiyo irudiwe kila baada ya mafuriko, kwani ndiyo yanayohamisha mchanga. Hatari kubwa kuliko zote ni kugawa kwa wastani wa mwaka: siku chache za mafuriko huupandisha juu ya kile ambacho mto hubeba siku nyingi.